Walinificha Msiba wa Mama Hadi Tulipofika Lusaka

Nina miaka thelathini na minne, ni fundi pikipiki hapa Morogoro mjini, na tangu mwaka jana ndugu zangu wa Mgeta, kwetu milimani, hawanisalimii. Naandika haya nikiwa na hasira. Kama unatafuta mtu aliyesamehe, soma ukurasa mwingine!

Nilikuwa na marafiki wawili, au niseme nilidhani ninao. Deo ni mtumishi wa ofisi moja mjini, Salehe ni mwalimu wa sekondari. Pikipiki zao kubwa nilikuwa nazitengeneza mimi. Jumapili tuliendesha pamoja hadi Mikumi na kurudi, tukala nyama choma, tukapiga picha. Pikipiki yangu ilikuwa kuukuu, nimeiunga mwenyewe kipande kwa kipande, lakini barabarani walinisubiri. Na mimi nikajiona mtu.

Deo ndiye aliyeleta wazo la kwenda Lusaka. Nani angekataa? Mtoto wa mkulima wa kabichi avuke mpaka kwa chombo alichokifunga kwa mikono yake!

Kikwazo kilikuwa mama. Presha ilikuwa inamsumbua, na mimi ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Nilipanda Mgeta kumuaga. Alinishika mkono, akasema, "Nenda baba, ukatembee. Ila siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayenishusha kaburini. Usiniachie watu." Nikamwambia aache uchuro. Kisha nikamwapia.

Tulipovuka Tunduma, laini yangu ikagoma. Deo alinunua laini ya Zambia, nami nikampigia dada yangu Felista kwa simu ya Deo. Nikamwambia lolote likitokea apige namba hiyo. Ndivyo nilivyoyaweka masikio yangu kwenye mfuko wa koti la Deo!

Jumanne asubuhi tulikuwa Mpika. Nilikuwa nakaza cheni nje ya gesti, nikamwona Deo anaongea na simu kando ya ukuta, amenipa mgongo. Alipomaliza akanong'ona na Salehe. Nikauliza kama ni nyumbani. Deo akajibu, "Ni Felista. Wanakusalimia, wote wazima."

Wote wazima... Mama alikuwa amefariki alfajiri ile!

Na Felista aliambiwa nini? Aliambiwa kwamba nimeshindwa kuongea kwa kilio, kwamba tunageuza saa hiyo hiyo, wanisubiri. Ukoo ukapanga maziko Alhamisi ili niwahi. Wasomaji wenzangu, kutoka Mpika ningewahi! Basi hadi Tunduma, basi jingine hadi Morogoro, Alhamisi asubuhi niko mlimani. Safari hiyo nimeipanga kichwani mara nyingi mno, na kila mara nafika.

Mchana ule klachi ya pikipiki ya Deo ikafa karibu na Serenje. Nililala chini juani zaidi ya saa nne, nafungua na kufunga, vidole vimechubuka. Deo alininunulia soda. Nilipomaliza akanimwagia maji nikanawa mikono. Msiba wa mama yangu uko mfukoni mwake, na ananimwagia maji ninawe! Huyo ni binadamu wa namna gani?

Salehe hakunitazama usoni siku hizo zote. Nilidhani ni uchovu.

Nikiri na langu. Jumatano tukiwa Kabwe nilitaka kuomba simu niongee na mama. Nikasita... Niliogopa akisema hajisikii vizuri nitalazimika kurudi, na Lusaka ilikuwa imebaki mwendo wa asubuhi moja tu. Nilitaka kufika. Hilo simsingizii mtu.

Alhamisi mchana tukaingia Lusaka. Deo akamwomba mpita njia aturekodi. Nikasimama juu ya kiti cha pikipiki, nikacheza, nikapiga kelele, "Morogoro hoyee!" Deo akairusha video ile palepale kwenye kundi letu la simu la wapenda pikipiki, sijui kama alisahau kwamba nusu ya Mgeta imo. Saa hiyo hiyo, kwetu, jeneza lilikuwa linatolewa nje ya nyumba.

Gesti ya Lusaka ilikuwa na intaneti. Nilipoiunganisha simu yangu, ujumbe ukaanza kumiminika. "Pole sana fundi." "Umefika wapi?" "Padri anakungoja." Halafu picha ya jeneza likishushwa, kamba zimeshikwa na binamu zangu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Felista: "Tumekuona unavyocheza. Usirudi."

Nilimkaba Deo shingoni hadi mhudumu akaja kututenganisha. Deo akasema walinihurumia, kwamba ningeendesha nalia, ningeingia chini ya lori. Nikamuuliza, mbona hukunipakia kwenye basi? Akajipangusa shingo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na sisi fundi tungempata wapi?"

Miaka mitano ya urafiki! Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniita Gaspari. Ni fundi, fundi, fundi...

Niliiacha pikipiki Lusaka nikapanda basi. Nilifika Mgeta Jumapili, matanga hayajaanuliwa. Mtani wetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa amepanda mpini wa jembe kama pikipiki, anazunguka uwanjani akinguruma. "Lusaka hoyee! Nizikieni mama, mimi bado napiga picha!" Watani wana ruhusa yao msibani, hilo nalijua. Siku nyingine watu wangevunjika mbavu, nami ningemtunza. Siku ile hakucheka mtu.

Nikapiga magoti mbele ya mjomba Simoni, mkubwa wa ukoo wetu. "Shikamoo mjomba." Hakuitikia. Aliniacha pale chini, kisha akasema, "Rafiki yako Deo katupigia simu kutuomba radhi. Kasema alikwambia palepale, ukamjibu maiti haikimbii, acha umalize safari; habari ya kilio aliitunga ili kukusitiri."

Nilikana, nikalia, nikaapa. Nani aniamini? Video wameiona wote!

Shahidi ninaye mmoja tu, Salehe. Sentensi moja kwa mjomba ingetosha. Nimemfuata shuleni kwake mara tatu. Mara ya mwisho akaniambia, "Ndugu yangu, mimi sipendi ugomvi. Mungu anajua." Mungu anajua! Kwani Mungu ndiye atakayepanda Mgeta kunitolea ushahidi?

Mwezi uliopita Deo alituma pikipiki yake gereji kwangu, klachi ile ile. Niliisukuma mwenyewe hadi barabarani nikaitupa mtaroni. Sijutii.

Wasomaji, safirini, sikatazi. Lakini msimpe mtu mwingine kazi ya kusikia habari za kwenu. Ukiambiwa wote wazima, chukua simu, isikie sauti ya nyumbani mwenyewe, hata kama unaogopa itakachosema. Hasa kama unaogopa! Na wewe unayeujua ukweli ukanyamaza kama Salehe, usijiite mpole.

Kila Jumapili napanda Mgeta. Napalilia kaburi la mama, kisha napita kwa mjomba, nainama, nasema shikamoo. Ananiangalia hadi nimalize, halafu anaingia ndani na kufunga mlango. Jumapili ijayo nitakwenda tena.