Wembe Mmoja wa Kukhu

Mume wangu Mukhisa hutengeneza baiskeli mjini Kitale, na katika maisha yake yote hajawahi kunyolewa na kinyozi. Si kwamba vinyozi hawapo. Wamejaa karibu na kibanda chake, wanamwita, wanamtania, naye anacheka tu. Nywele zikianza kufunika masikio, najua Jumamosi tunaenda Bumula kwa mama yake.

"Hawa wa mjini hawajui kichwa changu," husema. "Mayi anakijua."

Mayi ndiye mama, kwa Kibukusu. Watoto wetu, Wakhungu na Nakhungu, humwita Kukhu, yaani nyanya. Mimi, Nanyama, humwita Mama tukiwa naye, lakini hapa acha nimwite Kukhu kama watoto.

Kukhu alikuwa na wembe mmoja. Aliufunga kwenye kitambaa na kuuweka ndani ya kikopo cha majani ya chai. Ukiwa butu aliunoa ndani ya glasi, kwa kidole kimoja, polepole, huku akiimba wimbo wa kanisa. Alimnyoa Mukhisa kwanza, halafu Wakhungu, halafu Nakhungu. Akimkata mtu kidogo alibandika pale kipande cha gazeti, na maneno yakaisha. Nami nilikaa karibu nikimenya karanga. Nilipenda sana kumwona mwanamume mzima mwenye ndevu akisinzia mbele ya mama yake.

Mwaka wa tisini na tano, Wepukhulu, kaka mkubwa wa Mukhisa, akaanza kuugua. Macho yakawa ya manjano. Mikono ikakonda, tumbo likafura. Wengine walisema amelogwa. Wengine wakasema, ati alitiliwa sumu kwenye busaa, pombe yetu ya kienyeji, huko Lwakhakha. Alipelekwa kwa waganga wawili, na miezi ikapita hivyo hivyo. Mukhisa alipochoka kungoja, alimleta Kitale hospitalini. Daktari alimpima akatuambia ni saratani ya ini, na imekwisha kuenea.

Jioni ile jirani yetu Jeruto alikuja kutuona. Jeruto ni nesi, sisi humwita Sista. Nilimpa chai. Mukhisa hakungoja hata anywe.

"Sista, nani amemfanyia kaka yangu hivi?"

"Hakuna mtu amemfanyia," alisema Jeruto. "Kuna kijidudu kidogo sana, kinaitwa virusi vya hepatitisi B. Kinaishi ndani ya damu na kinaumiza ini. Kikiingia mtu akiwa mtoto, mara nyingi hakitoki. Kinaumiza ini pole pole, miaka ishirini, miaka thelathini, na mwenyewe hajui. Analima, anacheza mpira. Kwa watu wengine, mwisho wake ndio saratani."

"Kinaingia namna gani?" niliuliza.

"Kwa damu. Sindano iliyotumiwa na mtu mwingine. Wembe wa kushirikiana. Mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Mume na mke pia wanaweza kupeana wakilala pamoja."

"Na sahani? Kikombe?"

"Hapana. Kuleni pamoja, salimianeni, bebeni watoto. Kwa hayo hakiambukizi."

Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile neno wembe. Nilimtazama Mukhisa, naye akatazama chini.

Tulipimwa damu sote wanne. Mimi na watoto hatukuwa nacho. Mukhisa alikuwa nacho. Niliposikia hivyo nilikaa kwenye benchi ya wagonjwa kama mgonjwa.

"Nanyama, usimzike mume wako akiwa hai," Jeruto aliniambia. "Hana saratani. Ini lake bado ni zuri, na wengi wenye kijidudu hiki hawapati saratani. Anaweza kuishi mpaka atoke mvi. Lakini ini likaguliwe kila miezi sita, ili kukiwa na shida tuione mapema. Pombe aache kabisa. Na mahindi yenye ukungu msiyale, msiyasage, hata ya kutengeneza busaa, kwa sababu ule ukungu nao unaharibu ini."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtachanjwa, mara tatu. Chanjo hapa haipo, nitawatafutia. Mpaka mmalize chanjo, nyinyi wakubwa mtumie mipira, unaelewa? Na wembe wake uwe wake peke yake."

Mukhisa aliona haya, akajifanya anakagua baiskeli ya mlinzi wa hospitali iliyoegemezwa ukutani.

Chanjo haikuwa imefika bado Wepukhulu alipofariki. Tulimzika Bumula. Nyumbani kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi ni siku ya kunyoa. Ukoo wote hukaa uani, na kila aliye wa nyumba ile hunyolewa kichwa, wakubwa kwa wadogo. Anayekataa, watu husema hakumpenda marehemu, au anajua kilichomuua. Na kila mtu alijua nani atanyoa na kwa wembe gani.

"Mwambie mama yako," nilimwambia Mukhisa asubuhi ile nyuma ya jikoni.

"Mayi amezika mtoto juzi. Nimwambie kwamba hata mimi nina ugonjwa ule ule?"

"Sasa utamwacha awakate watoto wako kwa wembe uliokukata wewe?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Akaenda uani kukaa na wanaume. Nilimkasirikia, na nilimhurumia, yote kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimenunua nyembe mpya madukani, nikazifunga kwenye pindo la leso yangu. Nilikuwa nazishika kila mara kuona kama bado zipo.

Kukhu alitoka na kikopo chake. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alimwita Mukhisa kwanza, kwa sababu ndiye mwana aliyebaki. Mukhisa akakaa. Kukhu akalowesha nywele, akanyoa. Siku hiyo alimkata kidogo nyuma ya sikio. Akabandika kipande cha gazeti. Mukhisa aliinuka, akaenda kando. Kukhu akaupangusa wembe kwa kitambaa, akaita, "Wakhungu, njoo mjukuu wangu."

Mtoto akaenda, akakaa, akainamisha kichwa.

Mimi hujulikana kwa mdomo, lakini mke wa nyumba kusimama siku kama ile si jambo dogo. Nilisimama hata hivyo. "Mama, ngoja kidogo," nilisema.

Kukhu alinitazama. "Nanyama, unamkataza mtoto kumlilia baba yake mkubwa?"

"Anajua kitu huyo," shangazi mmoja alisema nyuma yangu. Nilimsikia, na wote walimsikia.

Ndipo Mukhisa akarudi. Alipiga magoti mbele ya mama yake, akaushika ule mkono wenye wembe.

"Mayi, usimnyoe na huu. Una damu yangu. Ugonjwa uliomuua Wepukhulu ni wa damu, na mimi ninao."

Kukhu aliutazama wembe, kisha akamtazama mwanawe.

"Tangu lini?"

"Labda tangu utotoni. Hawawezi kujua."

"Basi ni mimi," alisema Kukhu. Akakaa chini pale pale kwenye udongo. "Nyinyi wawili niliwanyoa kwa wembe mmoja tangu mkiwa wadogo hivi. Ni mimi niliwaua."

"Hukuniua, mimi huyu hapa. Inaweza kuwa sindano, inaweza kuwa kitu kingine, hata Sista hajui. Hukujua, Mayi. Hakuna mtu hapa alijua. Lakini leo tumejua."

Kukhu alilia. Mukhisa naye alilia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia hata siku ya kaburi. Wakhungu alikuwa bado ameinamisha kichwa katikati yao, akingoja.

"Utakufa?" Kukhu aliuliza.

"Siku moja, kama kila mtu. Lakini Sista anasema naweza kuishi mpaka nitoke mvi."

Kukhu alijifuta uso kwa kanga. Akainuka. "Nanyama," aliniita, "lete hizo nyembe. Umeshika hilo pindo tangu asubuhi, ulidhani sioni?"

Akaniuliza la kufanya, nikamweleza kama Jeruto alivyonieleza. Alivaa mfuko wa plastiki mkononi, akanung'unika kwamba ananyoa kama mtu anayepaka rangi, lakini hakuuvua. Kila kichwa kilikuwa na wembe wake. Alianza na Wakhungu, akamaliza na shangazi yule yule aliyenisema. Hakuna aliyeachwa, na hakuna aliyesema Wepukhulu hakuliliwa. Kisha nyembe zote zikatupwa chooni. Ule wa kikopo aliutupa mwenyewe.

Chakula kilipoletwa, binamu mmoja alisogeza sahani yake mbali na Mukhisa. Kukhu aliona. Alitoka mahali pake pa kukaa, akaja kando ya mwanawe, akamega ugali kwenye sahani yake.

"Kula pamoja kunaruhusiwa, si ndiyo, Nanyama?"

"Kunaruhusiwa, Mama."

"Basi mwambie na huyo." Akachovya mchuzi, akala.

Sasa ni mwaka wa tisini na tisa. Chanjo ilipatikana, mimi na watoto tukachanjwa mara zote tatu. Mjane wa Wepukhulu na watoto wake walipimwa pia. Mmoja wa watoto alikutwa na kile kijidudu, na sasa yeye na Mukhisa huenda pamoja kila miezi sita ini kukaguliwa. Mpaka leo wako sawa. Mukhisa hajagusa pombe, ingawa wenzake wa kibandani walimcheka mwaka mzima. Mahindi yetu tunayaanika mpaka yalie yakitikiswa, na yenye ukungu tunayatupa, hata nikiumia moyo.

Na mume wangu bado hataki kinyozi. Mwezi uliopita tulienda Bumula kama kawaida. Kukhu huita watu kunyolewa na bado anaimba, ila sasa kila anayekaa mbele yake huulizwa kwanza, "Wako uko wapi?" Mukhisa alitoa wembe wake mpya. Kukhu akavaa glavu alizopewa na Jeruto, akaanza. Katikati akasimama.

"Mayi, umenikata?"

"Nyamaza."

Alikuwa ameona unywele mmoja mweupe juu ya sikio. Aliung'oa kwa vidole, akauinua kwenye mwanga, akatuita mimi na watoto tuje tuuone. Mukhisa akalalamika kwamba anazeeshwa mbele ya familia yake. Kukhu hakumsikiliza. Alitafuta kile kitambaa cha zamani cha wembe, akaufunga unywele ule ndani yake, akauweka kwenye kikopo cha majani ya chai, na akafunga kifuniko.