Kazi Tatu za Awiti, Hadithi Moja

Awiti wa mtaa wa Satellite alikuwa akianika nguo uani, na uso wake ulikuwa umelowa kuliko hizo nguo. Bucha ya Dagoretti alikofanya kazi ilikuwa imefungwa. Asubuhi hiyo alikuwa amekosa kazi nyingine mjini. Jirani yake Wanjira, ambaye huajiri watu katika kampuni moja, akamuuliza ilikuwaje.

Awiti akasimulia. Waliomhoji walimwambia ajieleze. Naye akasimama wima kama kanisani, akasema Bwana asifiwe. Mzee mmoja kati yao akajibu amina kwa mazoea. Basi Awiti akapata nguvu. Akataja wazazi, ndugu zake wote, na siku aliyookoka. Masimulizi yalipofika darasa la tatu, wakamshukuru na kumfungulia mlango.

"Mama Ivyne, huo ni ushuhuda," Wanjira akasema, akijizuia kucheka. "Hao walitaka kujua utawafanyia nini. Umefanya kazi gani?"

"Zimetawanyika kama kuku. Jikoni ya shule, nikafua hospitalini, halafu bucha."

"Na kote huko, watu walikuwa wanakuitia nini?"

Awiti akachukua nguo nyingine kuanika. Mumewe, Oyoo, akajibu kutoka mlangoni: "Kuuliza vitu ziko wapi. Hata mimi bila yeye siwezi pata soksi."

"Basi hiyo ndiyo kamba. Funga kazi zote nayo."

Wanjira akamweleza: aanze na anachojua kufanya, aseme kila kazi ilimfundisha nini, amalize na sababu ya kuitaka hii mpya. Kisha anyamaze.

Oyoo akauliza kuhusu muda ambao mke wake alikaa nyumbani bila kazi. Angekuwa yeye, angesema alikuwa ng'ambo.

"Na wakimuuliza ng'ambo gani?" Wanjira akasema. "Aseme ukweli. Alikuwa analea mtoto wenu Ivyne."

Juma lililofuata, hoteli moja mjini ilitafuta mtunza stoo. Awiti akaenda. Meneja, aliyeketi na mpishi mkuu, akamwambia ajieleze.

"Mimi ni mtu wa kutunza vitu," akasema. "Shuleni nilitunza unga usiingie wadudu. Hospitalini, shuka zisichanganyike. Kwa bucha nilijifunza nyama iliyoingia kwanza itoke kwanza. Katikati nililea mtoto. Sasa nataka stoo moja niitunze vizuri."

Darasa la tatu lilimjia mdomoni. Akalimeza.

Meneja akamtazama mpishi. "Twende uione hiyo stoo," akamwambia Awiti.

Mlango wa stoo ulipofunguliwa, sufuria iliviringika mpaka miguuni mwao. Awiti akakunja mikono ya sweta. Hakuulizwa swali lingine, na tangu siku hiyo funguo anabeba yeye.