Ukuta wa Kijani Niliounywesha

"Umejaza msitu sebuleni mpaka mama yangu amekosa pumzi. Fungasha, uende kwenu."

Maneno hayo mume alimwambia mkewe mchana kweupe, mimi nikiwa hatua tatu tu kutoka kwao, mkononi nina chupa ya kunyunyizia maji.

Hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama anasoma barua aliyoiandika siku nyingi.

Mke akauliza ni mmea gani unaoua mtu. Mume akaanza kubeba vyungu vya maua kimoja kimoja kuvitoa nje, udongo unamwagika kwenye zulia jipya.

Mke akaingia chumbani. Mlango ulibaki wazi, nikamwona anakunja nguo za mtoto wao, kona kwa kona, kama zinapelekwa dukani kuuzwa.

Na mimi nilijua, jamani. Nilijua kilichomkosesha yule bibi pumzi.

Nikauchuna.

Naandika hapa kwa sababu kifua kimejaa. Mnitukane, lakini mkishamaliza kusoma.

Kazi yangu ilikuwa kutunza mimea ya ndani. Bosi wangu, tulimwita Madam, ni fundi wa kupamba sebule. Yeye anachagua makochi, mapazia, taa, halafu anajaza kijani. Mimi nafuata nyuma kila wiki kwa wateja, nafuta majani vumbi, nageuza chungu upande wa dirisha, namwagilia.

Shule niliishia ya msingi, lakini jicho ninalo. Nikiona jani limelegea najua kama ni kiu au ni maji yamezidi. Madam mwenyewe alikuwa akisema mimi nasikia mimea ikikohoa.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa kazi yetu nzuri kuliko zote. Makochi ya chini rangi ya mchanga, meza ya kisiki cha mti kilichopigwa msasa mpaka kinang'aa, mapazia mepesi yanayoruhusu mwanga kupita. Kila kona ina mmea.

Na ukutani, juu ya kiti cha bibi, tukabandika zulia la kijani. Sio zulia la kukanyaga. Ni yale majani mafupi laini kama manyoya, yanayoota kwenye mawe yenye unyevu, yamepangwa kwenye ubao mkubwa kama mlango. Ukiingia unahisi umefika kando ya kijito.

Bibi ni mama mzazi wa mume. Alikuwa amehamia kwa mwanawe kwa sababu ya pumu, awe karibu na hospitali. Mke ndiye aliyeng'ang'ania sebule ibadilishwe kabla mama mkwe hajafika. Alitaka mzee wa watu, aliyezoea shamba, asijione amefungiwa ndani ya boksi.

Siku ya kubandika, mke alimuuliza Madam kama majani yale ni ya kweli au ya plastiki.

Madam akasema, "Ni ya kweli kabisa, dada. Shika mwenyewe."

Ya kweli... Neno hilo ndilo lililoniponza.

Kichwani mwangu, jani la kweli ni jani hai, na jani hai linakunywa. Madam aliniambia huo ukuta niuache kama ulivyo. Nikadhani anabana muda, maana kupanda ngazi na kushuka kunachelewesha. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo, lakini imeandikwa Kiingereza, lugha ya wakubwa. Nikaikunja, nikaiweka chini ya mguu wa ngazi isiyumbe.

Wiki ya tatu nikaona pembeni majani yamekakamaa. Roho ikaniuma. Nikapanda, nikayanyunyizia. Alhamisi iliyofuata, tena. Yalilainika kidogo, nikajipongeza. Maji ya kijani yalichuruzika mpaka chini, nikayafuta na kitambaa nikijua ni utomvu.

Haukuwa utomvu. Ilikuwa rangi.

Kumbe katika kazi hii, cha kweli si lazima kiwe hai. Yale majani yaliwahi kuwa hai, yakatiwa dawa, yakapakwa rangi, yakabandikwa. Kuyamwagia maji ni sawa na kumwagilia mkeka ukisubiri uchipue. Hauchipui. Unaoza.

Nilijua lini? Nilijua bibi alipolazwa mara ya pili. Mke alinisimulia akiwa anapika, kwamba daktari anaulizia kama nyumbani kuna mahali penye unyevu, na wao wamekagua bafu, wamekagua jikoni, hawajaona kitu. Nikaenda sebuleni moja kwa moja. Nikavuta kona ya ule ubao.

Nyuma kulikuwa na ukungu mweusi, mnene, una manyoya yake. Ikanipiga harufu ya gunia lililolowa.

Nikaurudisha ubao. Nikaubana kwa kiganja mpaka ukashika.

Halafu nikamaliza kufuta majani ya mimea mingine, nikaaga vizuri, nikaenda zangu.

Wiki moja baadaye ndiyo ile siku ya kufungasha. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Mama yangu alikuwa anategemea kazi ile, mdogo wangu pia. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mjinga.

Mke akaondoka na mtoto. Vyungu vyenye mimea hai, isiyo na kosa lolote, vikapangwa nje juani. Ule ukuta ukabaki, kwa sababu mume alisema hauna udongo, kwa hiyo ni pambo tu.

Alhamisi iliyofuata nikarudi kuchukua vyombo vyangu, maana mimea ya kutunza haikuwepo tena. Nikamkuta bibi ametoka hospitali, amekonda, kamba ya kichupa cha dawa ya kuvuta iko shingoni. Yeye huniita Dada Maua.

Akaniomba nimsogezee kiti chake pale pale chini ya kijani, maana ndipo anapopata hewa nzuri.

Nikakishika kile kiti. Mikono ikagoma.

"Bibi, usikae hapo."

"Kwa nini?"

"Pameoza. Nyuma ya huo ukuta pameoza, na aliyepaozesha ni mimi. Nilikuwa naumwagia maji. Haukutakiwa kumwagiwa."

Nikasubiri anifukuze, au aite mwanawe. Badala yake akakaa taratibu kwenye kochi la mbali, akavuta dawa yake, akapumua.

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Kila Alhamisi unapanda ngazi."

Nikakiachia kile kiti.

"Nikasema, huyu ndiye anayejua mimea, na kama anaunywesha basi una kiu. Lakini anakuja mara moja kwa wiki, siku nyingine nani anaunywesha? Nikawa nausaidia mimi. Kila asubuhi nikishameza dawa, maji yanayobaki kwenye glasi naumwagia."

Jamani.

Mimi nilikosa mara nane. Mgonjwa mwenyewe, kwa kuniiga mimi, akawa anakosa kila siku, na kila siku anakaa chini yake kuvuta hewa nzuri.

Nilipiga magoti pale pale kwenye zulia. Nikamwambia kosa lote ni langu, asijibebeshe. Akasema ninyanyuke, hajamaliza.

"Daktari aliniuliza mimi mwenyewe, nyumbani kuna mahali panalowa? Nikasema hapana. Mke wa mwanangu alishanikataza mara mbili nisiuguse huo ukuta, kwa upole tu. Nikaona aibu, mtu mzima na mvi zangu, kukiri kwamba nimekuwa mtundu. Mwanamke wa watu ameondoka, na mimi nimelala hospitali nimejikausha."

Basi tukabaki tunaangaliana, bibi na mimi, kila mmoja na kimya chake.

Akaniagiza nimwite mwanawe. Nikaeleza mimi, bibi akajazia. Mume aliung'oa ule ubao kwa mikono, akaona. Akaketi kwenye kile kisiki cha meza, simu mkononi, anampigia mkewe, haipokelewi, anapiga tena. Mwishowe bibi akapiga kwa simu yake mwenyewe. Hiyo ikapokelewa.

Mke alirudi Jumamosi. Sio kwa mume, alisema wazi kwamba ya mume watayaongea wakiwa wawili. Alirudi kumwona mama mkwe. Wakashikana, wakalia, bibi akamwomba radhi akimwita mwanangu.

Nami nilikuwa nimekuja kuomba msamaha wangu. Mke alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumwagia maji," akaniambia, "ningekusamehe siku ile ile. Hukujua. Lakini uliniangalia nikikunja nguo za mwanangu."

"Ndiyo, dada."

"Basi hilo nipe muda."

Kazi kwa Madam iliisha wiki hiyo hiyo, na sikumlaumu. Sasa niko kwenye kitalu cha miche. Bibi anaendelea vizuri, hunipigia kuuliza habari za maua. Yule dada bado hajanipigia. Imepita miezi mitano. Muda niliombwa, muda natoa.

Nilichojifunza ndicho hiki. Kosa langu la kwanza lilitokana na kutojua, na kwa hilo nalala usingizi. La pili nililifanya macho makavu, nikiwa najua kila kitu, na hilo ndilo linaloniamsha.

Wewe unayesoma, kama leo kuna mtu anabeba lawama yako, mpigie sasa hivi. Komenti utaandika baadaye.