Kikohozi cha Bibi

Ilianza Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, umeme ulipokatika nyumba nzima na sauti ya Bibi isikatike.

Msomi alikuwa jikoni akisuuza vikombe. Jokofu lilinyamaza, taa ya uani ikazimika, lakini kule mwisho wa ukumbi, nyuma ya mlango wa chumba cha marehemu Bibi, sauti yake iliendelea kusoma Kurani kwa mwendo uleule wa taratibu.

"Kile kipaza sauti cha kisomo cha Bibi kina betri, Mjomba?" Msomi aliuliza kwa sauti ya chini.

Mjomba alikuwa fundi umeme. Aliitazama taa, kisha akautazama mlango. "Hakina. Nilikifunga mwenyewe ukutani."

Maisha yake yote Bibi hakuacha jioni ipite bila kukaa kwenye mswala wake, chini ya dirisha la chumba kile, akasoma mpaka giza liingie. Alisoma akiwa na homa. Alisoma siku aliyomzika mumewe. Wenzake nyumbani walipunguza kusoma kidogo kidogo: Mjomba alikuwa na kazi, Mama alikuwa na cherehani na nguo za watu zisizokwisha, na mjukuu alirudi kutoka chuo kikuu na shahada na jina la utani, Msomi, ila swala aliiacha hukohuko.

"Sisi tuna wakili," Mjomba alizoea kutania.

Bibi hakucheka. "Nyumba isiyosomwa hupata mpangaji," alimjibu, "na mpangaji huyo habishi hodi. Nikifa mtamtuma nani?"

Alipofariki walilia, kisha wakayakumbuka maneno hayo na hofu ikawaingia. Hata hivyo hakuna aliyekaa kwenye mswala. Mjomba ndiye aliyeleta dawa. Simu ya Mama ilikuwa na sauti ya Bibi akisoma, kisomo kizima chenye kikohozi kimoja tu katikati. Akaihamishia kwenye kipaza sauti, akafunga saa ya kukiwasha kila jioni, na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Sasa Msomi alisogea mpaka karibu na mlango. Harufu ya kafuri ilipenya chini yake, mbichi, kama siku ile walipomwosha Bibi. Akatega sikio. Aliijua rekodi ile neno kwa neno.

"Bismi..." sauti ilisema, ikakohoa.

Ikaendelea vizuri, ikakohoa tena. Msomi alisikiliza aya tatu ndipo akang'amua. Kila palipopaswa kutajwa Jina la Mwenyezi Mungu, sauti ilikohoa, ikaliruka, ikasonga mbele.

"Mjomba," alinong'ona. "Huyu si Bibi."

Lakini Mama alikuwa ameshatoka chumbani kwake, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, uso wake umelainika kama wa mtoto.

"Kifungo," sauti iliita kutoka ndani. "Njoo unikunjie mswala, mwanangu."

Kifungo. Bibi peke yake ndiye aliyemwita Mama hivyo, tangu alipomeza kifungo cha shati akiwa mdogo.

"Mama, usiende."

"Ananiita mama yangu. We hujafiwa na mama, utajua nini?"

Msomi alimshika mkono, Mama akajinasua, mlango ukafunguka bila kuguswa, ukafungwa nyuma yake, na komeo likaingia mahali pake taratibu.

Mjomba alisukuma kwa bega, akapiga teke, wapi. Akampigia simu Maalimu wa msikitini. "Soma hukohuko, Maalimu, tuiweke simu mlangoni."

Maalimu alikataa. "Mashine ndiyo iliyowafikisha hapo. Nakuja, ila niko mbali. Asome mtu wa damu yake, kwa mdomo wake mwenyewe."

Mjomba alianza aya ya kwanza, ikamkwama. "Nimesahau," alisema, machozi yakimlengalenga. "Wallahi nimesahau yote."

Ndani, Mama alianza kukohoa. Alikohoa pale sauti ilipokohoa, halafu wakakohoa pamoja, na Msomi, aliyekuwa na sura moja tu kichwani, ile fupi aliyofundishwa akiwa amepakatwa na Bibi huku kidole cha Bibi kikimgonga paja kila alipokosea, alipiga magoti kwenye sakafu baridi, akaweka paji la uso mlangoni na kuanza, akakwama, akaanza tena, na kila alipokwama sauti ile ilimkumbusha kwa upole neno linalofuata, kwa upole uleule wa Bibi, isipokuwa lile Jina, na kila lilipofika Jina yeye alilitamka kwa nguvu zote za kifua chake mpaka sauti ikamkauka, akarudia mpaka hakujua tena kama anasoma au analia, mpaka komeo likaanguka, mlango ukafunguka na Mama akamwangukia mapajani, baridi, akipumua.

"Amenyamaza," Mama alinong'ona.

Maalimu alipofika alisoma kila chumba. Akiaga alimwambia Msomi, "Mimi ni wa leo. Kesho nani?"

Asubuhi iliyofuata, kabla hakujapambazuka, Msomi alitia udhu, akaingia chumbani kwa Bibi. Aling'oa nyaya zote za Mjomba, akaziweka nje ya mlango. Mswala ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kitanda, ingawa hakuna aliyekiri kuukunja. Akautandika chini ya dirisha, akakaa palepale Bibi alipokaa, ambapo mswala ulikuwa umelika kwa magoti yake. Mama alisimama mlangoni akimtazama.

"Bismi..." Msomi alianza.

Koo likamwasha. Akakohoa.

Akameza mate, akarudi mwanzo.