Milioni Tisini kwa Vyumba Vitatu

"Hii bei ni ya nyumba moja au ya mtaa mzima?"

Mshonaji aligeuka. Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika watu, mashine zinanguruma, na nyuma yake alisimama mwanamume wa shati la bluu lililonyooka kwa pasi, anasoma tangazo lake bila haya: NYUMBA INAUZWA, VYUMBA VITATU, MILIONI TISINI.

"Nimekuuliza kitu?"

"Hujaniuliza, dada. Mimi ni dalali. Hiyo ni nyumba ya sitini na tano."

"Kauze ya mama yako kwa sitini na tano."

Alisema hivyo, na bado akamwachia namba ya simu. Mapenzi hayana adabu.

Tumtendee haki mwanamke yule. Nyumba aliijenga kwa cherehani yake akiwa mke wa mtu, na mtu mwenyewe akaondoka kabla ya rangi kukauka. Sasa alitaka kuiuza anunue duka la kona, barabara kuu, ashonee mbele za watu. Mwenye duka alikubali kumsubiri, lakini si milele.

"Mpenzi, shusha bei," dalali alimwambia jioni moja jikoni, kikombe cha chai mkononi.

"Jikoni humu nimelia miaka saba."

"Mnunuzi hanunui machozi. Ananunua jiko, tena bomba linavuja."

"Basi kaoe bomba lisilovuja."

Wakacheka. Simu ya dalali ikaita, akatoka nayo uani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Mama mdogo, nimeshakwambia, ni sitini na tano. Subiri kidogo, nitamlainisha."

Aliporudi, chai yake ilikuwa imeshamwagwa.

"Yule mnunuzi unayemsifia kila siku ni mama yako mdogo?"

"Ndiyo, lakini nisikilize..."

"Ulikuja kunibembeleza ili nyumba ihamie kwenu. Toka. Na namba yangu ifute."

Dalali alitoka. Kwa nini hakusema mapema? Aliogopa, mjinga yule, na woga wake ukamponza.

Mshonaji akang'ang'ania tisini yake. Miezi ikapita, kibao cha "inauzwa" kikapauka getini, na wapita njia wakaanza kuulizana ile nyumba ina nini. Huyu akasema ina kesi, yule akasema ina mashetani. Wanunuzi wakakoma kabisa. Mwenye duka la kona akachoka, akamuuzia muuza simu.

Siku hiyo mshonaji alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akanawa uso, akaenda mtaa wa nyuma, ambako nyumba pacha na yake ilikuwa imeuzwa. Alitaka kujua jambo moja tu: ilikwenda kwa ngapi?

Mlango ulifunguliwa na mama mnene wa gauni la maua.

"Nilinunua sitini na tatu. Wewe unauza?"

"Ile ya mtaa wa mbele. Ya tisini."

Mama akampandisha na kumshusha kwa macho. "Kumbe ndiwe wewe. Yule dalali ni mwanangu, mimi ndiye niliyemlea. Nilimwomba anipunguzie kwako hata milioni mbili, akanikatalia. Akasema, mama mdogo, yule nampenda, simpunji. Nikasusa, nikanunua hapa. Nawe ukamfukuza."

"Hakuniambia."

"Hakukuambia, au hukumpa nafasi?"

Mshonaji alimpigia dalali simu palepale barazani.

"Unataka nini?" sauti ilikuwa kavu.

"Nishushie bei."

"Nyumba yako sasa imechacha. Hamsini na nane, tena kwa bahati."

"Weka. Na usinibembeleze."

Ikanunuliwa kwa hamsini na saba. Siku ya kuhama dalali alitangulia na godoro kichwani, mshonaji nyuma na masufuria.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sijaomba."

"Kwa nini hujaomba?"

Dalali akalitua godoro katikati ya njia. "Nisamehe. Ningesema tangu siku ya kwanza. Na nataka kukuoa, kama bado unaweza kunitazama."

Mshonaji alimtazama kwa hasira ileile ya siku zote, machozi yakimlengalenga.

"Duka limekwenda kwa ubishi wangu," akasema. "Na mume naye aende hivyohivyo? Nyanyua godoro, watu wanatutazama."