Mashine Mbili, Hifadhi Moja

Simu ililia mara moja, ikakata, ikalia tena.

"Mgonjwa kabadilisha daktari," Mkuu alisema, akakata.

Sindano, jasusi wake, alielewa. Kati ya wanaoihudumia Idara ya Uhamiaji kuna mtu kanunuliwa.

Alichomeka bastola yake ya Beretta kiunoni, akafunika kwa koti.

Kwenye kikao cha Idara alijitambulisha kama mkaguzi. Ajenda ilikuwa kulinda kanzidata inayomtambua kila anayevuka mpaka, isizimike hata ikipigwa.

Mshauri kutoka nje, suti ya kijivu, alikuwa akiongea.

"Tuunganishe mashine mbili ziwe kundi. Moja ikifa, nyingine inashika kazi. Zote zinatumia hifadhi moja ya data."

"Na hifadhi ikifa?" Sindano aliuliza.

Mshauri alikunywa maji kwanza.

"Haifi, dada yangu."

Fundi wa kanzidata, mama wa makamo, aliinua mkono. "Kuna njia ya kioo. Kila mashine na nakala yake, moja hapa, nyingine jengo la mbali. Kinachoandikwa hapa kinaandikwa na kule. Ya tatu ni shahidi: ikithibitisha hapa pamekufa, kule kunashika."

"Itachelewesha kazi," Mshauri alidakia.

Alidakia upesi mno.

Mkurugenzi wa Idara alichagua kundi.

Sindano alimfuata fundi hadi koridoni. Hakumwamini sana. Lakini mwenzake Mshauri asingebishana naye mbele ya bosi.

"Mama, unaweza kuliwekea kundi hilo kioo kimyakimya?"

Fundi alimtazama juu mpaka chini. "Mkaguzi gani huyu anavaa koti kwenye joto hili?"

"Anayeogopa wezi."

"Basi nitaweka, mwanangu. Nikifukuzwa, utanilisha wewe."

Wiki iliyofuata, Mshauri aliingia chumba cha mashine na begi la laptopu. Sindano alinyata nyuma yake.

Mshauri alifungua kabati la hifadhi. Akabandika kitu.

Mwako mweupe. Moshi. Taa za mashine zote mbili zikageuka nyekundu.

Aligeuka, akakutana na mtutu wa bastola ya Sindano.

"Umechelewa," alisema kwa utulivu. "Mpaka umepofuka. Bosi wangu na silaha zake wanapita sasa hivi."

Sindano alibonyeza redio.

"Mpakani, mnaona?"

"Skrini zimeganda. Foleni inapiga honi. Tuwapitishe kwa macho?"

"Msimpitishe mtu."

Mshauri alikunja mikono, akasubiri. Sindano alisogeza redio sikioni. Vipi kama yule mama naye ni mwenzao?

Redio ikakoroma.

"Zimerudi! Land Cruiser nyeupe, dereva anatafutwa. Tumemzingira."

Mikono ya Mshauri ilikunjuka yenyewe. "Haiwezekani. Hifadhi imeungua."

"Ya hapa," fundi alisema kutoka mlangoni, akikohoa moshi.

Sindano alimfunga Mshauri pingu, akamkabidhi kwa walinzi.

"Na Mkurugenzi nimwambie nini?" fundi aliuliza.

"Mwambie wakaguzi wameridhika."

Akashuka ngazi taratibu, akatokeza juani, akapotelea kwenye umati wa mchana.