Taa za Mchana kwenye Mdomo wa Handaki

Mtaa mzima hakuna mwenye macho makali kunishinda mimi. Juzi tu nililisalimia koti la mume wangu, tena nikalikasirikia kwa kutoitikia.

Mume wangu ni mlinzi wa handaki, ile barabara inayopita ndani ya mlima. Swichi za taa anazo yeye. Kila asubuhi alikuwa akizima taa za mlangoni mwa handaki. Ukimuuliza, anakujibu, "Kwani nimulike jua?"

Binti yetu huendesha gari la mikate, na njia yake ni hiyo hiyo. Mchana mmoja alirudi akatupa funguo za gari mezani.

"Mama, nimekosakosa kumgonga mtu wa baiskeli! Nimeingia handakini, giza tupu. Siendeshi tena."

"Ulikuwa unasinzia," baba yake akasema.

"Kwa macho haya yaliyonitoka, baba?"

Jirani yetu, mama fundi umeme, alisikia kelele akaja. Alimsimamisha mume wangu uani, juani, kwa dakika kumi. Kisha akamwambia, "Haya mzee wangu, ingia stoo upesi."

Tukasikia chubwi!

"Nani kaweka ndoo hapa?" mume wangu akafoka.

"Ipo hapo tangu asubuhi," nikamwambia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Fundi akaeleza, "Macho yakitoka juani yanataka muda kuzoea giza. Dereva hana muda huo. Kwa hiyo mchana, taa za mlangoni ziwake kwa nguvu. Kuelekea ndani, mwanga upungue kidogo kidogo. Usiku nje ni giza, basi mlangoni mwanga mdogo unatosha."

"Kumbe nilikuwa nafanya kinyume!" mume wangu akasema, suruali ikimchuruzika maji.

"Na wewe binti, kabla ya kuingia punguza mwendo, vua miwani ya jua, washa taa za gari."

Kesho yake mchana taa ziliwaka. Binti alikubali kujaribu mara moja, mradi nimsindikize. Nilikaa nimekumbatia mikate. Tulipoingia, tulimwona kwa mbali mtu anasukuma toroli. Binti akampita taratibu, akaanza kuimba. Kazi hakuiacha.

Baada ya wiki mkuu wa barabara alikuja kukagua. Mimi nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula kwenye chumba cha swichi.

"Mlangoni panaonekana vizuri sana," mkuu akasema. "Nani kakufundisha?"

"Kunifundisha mimi? Tangu nianze kazi, mkuu, sijawahi kuzima taa hizi mchana. Hata siku moja!"

Mkuu akainua macho. Juu ya swichi palikuwa pamebandikwa karatasi kuukuu, mwandiko wa mume wangu mwenyewe. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno:

"MCHANA ZIMA ZOTE. JUA LINATOSHA."